Zege Lililozama kwa Shangazi Nekesa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimeomba mara nyingi niisahau, na Mungu amekataa. Hunijia hata nikiwa kati ya wageni, nikicheka, na kicheko kikakatika. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kujenga.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka tu kujifunza uashi hapa Kitale, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko ujuzi wangu. Aliyenilea ni shangazi Nekesa wa Naitiri, dada ya baba. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye alinichukua akanibeba mgongoni pamoja na wanawe. Kwa hiyo alipojenga nyumba yake ya matofali, hakutafuta fundi mwingine wa kumwaga zege la kuizunguka. "Mtoto wangu ni fundi," alisema, "nitafute mtu wa nje ya nini?" Wageni wa kumposa binti yake walikuwa karibu kufika, na hakutaka wakanyage matope mlangoni pake.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko. Upande wa nyuma ulitakiwa kujazwa udongo ndipo usawa upatikane. Udongo wa kujaza, mwanangu, huwekwa kidogo kidogo. Unanyunyiziwa maji, unashindiliwa, ndipo unaongeza mwingine. Mimi niliumwaga wote kwa pamoja, na mabua ya mahindi yakiwa ndani, nikausawazisha kwa jembe, nikamwaga zege juu. Kuna kazi nyingine ilikuwa ikiningoja Kachibora, na nilitaka sana watu waseme nina mkono mwepesi.

Shangazi alikuwa amesimama akinitazama. "Wanyonyi, si huu udongo bado ni laini? Huukanyagi hata kidogo?"

"Senge, wacha wasiwasi," nilimjibu, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Simiti itakamata yote."

Wageni walikuja, wakasifu. Shangazi aliwatembeza kuzunguka nyumba, akitaja jina langu kila kona.

Kisha mvua za masika zikaanza. Nyumba haikuwa na mifereji ya bati, na mimi sikuwa nimemwambia aiweke. Maji yote ya paa yalianguka ukingoni mwa zege, yakapenya chini, yakaukuta udongo wangu uliolegea. Udongo ukashuka, zege likabaki limelala juu ya uwazi, halafu nalo likazama. Likainamia nyumba, kwa hiyo maji yakawa yanakimbilia ukuta badala ya kuukimbia. Ufa ukatokea chini ya dirisha la chumba cha shangazi.

Aliponiita nilikuta majirani wamejaa. Niligonga zege kwa nyundo, likalia kama debe tupu. Nilijua papo hapo. Lakini macho ya watu yalikuwa juu yangu, na shangazi alikuwa akiwaambia, "Huyu hafanyi kazi mbaya, mimi ndiye nilimlea." Nikainua mkono, nikaonyesha mikaratusi ya jirani yake, Mzee Simiyu, iliyopangana mpakani.

"Ni hii miti," nikasema. "Mizizi inanyonya maji ya ardhi, ndio udongo unazama."

Ni kweli mti mkubwa ulio karibu na ukuta unaweza kukausha udongo ukashuka. Ile ya mzee ilikuwa mbali, na nilijua. Lakini uongo uliopakwa ukweli kidogo humezwa haraka.

Shangazi na Mzee Simiyu walikuwa wameishi vizuri tangu ujana wao. Walipeana mbegu, walizikiana. Shangazi akaenda kwake, akamtukana mbele ya wake za wanawe. Mzee alibisha, akabisha, mwisho akasema, "Kama ni miti inaleta vita, wacha ianguke." Akaikata. Alikuwa ameitunza ili aezekee nyumba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa pale nikisikia mashoka, na sikufungua mdomo. Nilikuwa nimeinama nikipaka simiti mpya juu ya zege lililozama, niwaonyeshe watu kwamba sasa mambo yamekwisha. Usifanye hivyo kamwe, mwanangu. Kupaka juu ni kumtwisha mgonjwa mzigo.

Njia ya mwongo ni fupi. Mvua zilizofuata, miti ikiwa haipo tena, zege lilizama zaidi, likavunjika, na ule ufa ukapanda hadi kwenye kizingiti. Mzee Simiyu akaja bila kuitwa, akasimama nyuma ya nyumba.

"Wewe kijana, kuja hapa."

Nikaenda. Alichomeka fimbo yake kando ya zege. Iliingia bila kusukumwa, ikazama karibu yote. Alipoichomoa, nchani palikuwa na bua la hindi lililooza.

"Ati na hii pia ni mzizi wa mti wangu?"

Shangazi alinitazama. "Wanyonyi, sema."

"Sikushindilia udongo, Senge. Nilijua tangu ile siku ya kwanza."

Nilitarajia anichape. Afadhali angenichapa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti kwenye matope mbele ya Mzee Simiyu, mama mzima mwenye wajukuu, na wake za wanawe wakiona. Mimi nilikuwa nimesimama, viatu vyangu vikiwa safi.

Mzee alimwinua. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Simiti utavunja, umwage ingine. Miti yangu utasimamisha na nini?"

Swali hilo ninalo hata leo.

Nilirudi na sululu nikavunja zege lote la nyuma. Nilichimba ule udongo mbovu mpaka nikafika ardhi ngumu. Nikarudisha udongo safi, tabaka jembamba kwa tabaka jembamba, nikilowesha na kushindilia mpaka kisigino kisiache alama. Nikapanga mawe, nikashindilia tena, ndipo nikamwaga zege, safari hii likiinama kuelekea shambani. Nililigawa vipande, nikaacha nafasi ndogo kati yake na ukuta. Upande wa mbele, palipolainishwa na maji ya paa, halikuwa limevunjika, lilikuwa limeshuka tu. Hapo nililiinua kwa mtaimbo, polepole, nikashindilia changarawe na simiti chini yake. Kabla ya yote hayo niliweka mifereji ya kupeleka maji ya paa mbali, maana ukitengeneza zege na maji hujayaelekeza, umefanya kazi bure.

Siku zote hizo shangazi alinipa chai kwa kikombe cha wageni. Mimi, niliyelishwa kwa mkono wake.

Yeye na mzee walipatana, ingawa si kama zamani. Mimi alinisamehe kwa maneno mapema, na kwa moyo baada ya muda mrefu. Mzee Simiyu alipopata mbao za kuezekea, nilikwenda nikaomba nimfanyie kazi ile bure. Alinishukuru, akaniletea kiti, akanipa ndizi. Nyumba akaezekewa na fundi mwingine.

Mwanangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: ufa uzibe kwanza kinywani mwako. Kazi ikiharibika, sema siku ile ile, watu wakiwa bado wamesimama. Aibu ya siku ya kwanza inabebeka. Ukiilaza, inaamka na watu wengine ndani yake, na hao hukuwa na haki ya kuwagusa. Usikimbilie kusifiwa. Shindilia mahali ambapo hakuna atakayeona.

Basi nenda ukajenge. Mungu akupe mikono yenye subira na ardhi inayoshika. Akujalie majirani wema, na akuepushe usije ukamwona aliyekulea amepiga magoti kwa ajili yako.