Samaki wa Kupaka Aliyeoshwa Bombani

Miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, hatukuwa na la kuchagua. Tulikula unga wa njano, chai tukanywa bila sukari, mche wa sabuni tukaukata kwa uzi tugawane na jirani. Maduka ya Tanga yalipojaa tena, mafuta ya kula ya kila aina, sukari unapimiwa utakavyo, wenzangu walinawiri. Mie nikaingia wazimu.

Ilianza baba alipofariki kwa presha. Daktari alitwambia chumvi na mafuta vilichangia. Nikaapa havitaniua mimi wala mwanangu, binti wa miaka saba, wa pekee. Nikaacha chumvi, kisha sukari, kisha nyama, kisha tui. Tui, mie mtoto wa Tanga! Nikialikwa harusini nabeba bakuli langu la mchicha wa kuchemsha. Wenzangu wamelizunguka sinia la pilau, mie nimekaa pembeni nimenuna, najiona peke yangu ndiye mwenye akili. Walinicheka mpaka wakachoka. Nami nilizidi kukonda na kujisifu.

Ijumaa moja, baada ya sala, tukaenda kula kwa mama yangu, mtaa wa Chumbageni. Akapakua wali wa nazi kwenye sinia, katikati akaweka samaki wa kupaka. Mwanangu akachukua kipande, akainuka nacho mpaka bombani uani. Akakisugua kwa vidole mpaka tui lote likaenda na maji, kama nilivyokuwa nikifanya mimi nyumbani jirani akituletea chakula. Akarudi nacho kimepauka, akakiweka mbele yake, wala hakukila.

"Bado kina mafuta, Mama," akaninong'oneza. "Nikila nitakufa kama Babu."

Loo! Nikamtazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Gauni la Idi ya mwaka jana, ambalo lilipaswa kumbana, lilikuwa linampwaya.

Mama akanigeukia kwa hasira. "Miaka ile nilikuwa nakwambia nimeshiba, ili ule wewe. Leo vipo, unamnyima mjukuu wangu?"

Niliona haya, na niliogopa kweli.

Kwetu, kwenye sinia, mkubwa ndiye anayemchambua samaki na kuwasogezea wadogo. Mie nilikuwa sikai tena siniani, kazi hiyo nimeisahau. Nikasogea. Nikatoa miiba, nikamsogezea mwanangu mnofu uliojaa tui. Hakuugusa. Alikuwa ananitazama mdomo.

Basi nikafinya tonge, nikala. Wallahi utamu ule ulinitoa machozi. Nikala la pili. Siwadanganyi, hofu haikuisha siku ile wala mwaka ule. Kwa muda mrefu nilikuwa nikihesabu matonge kimoyomoyo. Lakini nilikula mbele yake, kila siku.

Naye Ijumaa ile akanyoosha mkono. Akala tonge moja, akatulia kidogo, nadhani anangoja kuona kama atakufa. Akala jingine. Halafu, mashavu yamejaa, akamgeukia mama yangu:

"Bibi, ukoko upo?"