Ukuta Ambao Haukuanguka

Dada yangu kazi yake ni kuzitetea nyumba zisizoweza kujitetea. Hivyo ndivyo anavyosema akiwa na furaha. Akichoka, husema kazi yake ni kugombana na matajiri kwa mshahara wa kimaskini. Mtu akitaka kujenga nyumba mpya karibu na kijiji cha kale, idara yake ya majengo ya kale humtuma dada kwanza akatazame zitaziba nini, zitabomoa nini, na vichochoro vya enzi za mababu vitaonekanaje zikishasimama. Hutembea na futi ya chuma kiunoni, ndiyo maana watoto wa kila kijiji humwita Bi Futi. Hana haraka, hapandishi sauti, na watu wakimwona hivyo hudhani ni mtu wa kusamehe. Mimi mdogo wake namjua vizuri. Dada anaikumbuka mpaka sahani niliyomvunjia nikiwa sijaanza shule.

Kijiji chenyewe cha habari hii ndiko tulikozaliwa. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na chokaa, mlango chini ya ngazi, na chumba cha nyuma kilikuwa na ufa ulioshuka kutoka dirishani mpaka sakafuni. Baba alipofariki, msiba haujapoa, Baba Mdogo alikuja na mkaguzi wa majengo. Baba Mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja, wakati huo mkandarasi aliyeanza kuinukia. Mkaguzi akaugonga ukuta, akabandika vipande vya kioo juu ya ufa, akatangaza kwamba nyumba ni ya hatari na watu watoke. Tukatoka na magodoro kichwani. Baba Mdogo akasema ataibomoa isije ikaua mtu.

Hakuibomoa. Aliipaka chokaa, akatia wapangaji, na kodi akala yeye.

Sisi tulihamia chumba kimoja mjini, dirisha linatazama gereji. Lakini kilichomtafuna mama hakikuwa chumba wala gereji. Baba akiwa mgonjwa kitandani alimwambia asafishe mfereji wa paa kabla ya mvua, na mama, mwenye kuuguza na kulea, akasahau. Baba Mdogo aliijua habari hiyo. Siku ya kuhama alimwambia mbele yetu, "Shemeji, ungeusafisha ule mfereji tusingefika hapa." Basi mama akaamini kwamba yeye ndiye aliyeiozesha nyumba ya mumewe. Na majirani wa kijijini, kila tukienda kusalimia, wanamtupia ile methali yao: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama anaitikia kwa kichwa. Naichukia methali hiyo kuliko matusi. Mpaka uzeeni mama hupanda kwenye stuli kusafisha mifereji ya nyumba ya kupanga, nyumba ya watu, na ukimwambia ashuke anakwambia wewe hujui maji yanavyofanya.

Mwaka jana faili likaja mezani kwa dada. Baba Mdogo, sasa mzee mwenye malori na fimbo ya kutembelea, anataka kujenga mtaa mzima wa nyumba za ghorofa kwenye shamba nyuma ya kijiji. Barabara ya kuingilia ingepita palepale iliposimama nyumba yetu. Kwenye maombi yake aliandika kuwa nyumba moja mbovu itaondolewa.

Dada alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara akamwambia huyu mwombaji ni baba yangu mdogo, na simpendi. Mkuu akamjibu kwamba wakaguzi wako wawili tu, mwenzake yuko hospitali, na kijiji kile kila mtu ni ndugu ya mtu. "Liandike hilo ukurasa wa kwanza," akasema, "na mimi nitapitia kila neno lako."

Baba Mdogo alipopata habari alipiga simu siku hiyohiyo.

"Shikamoo, baba," dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe jambo langu liko mikononi mwako! Damu nzito kuliko maji, eh?"

"Nzito, baba."

Mimi ni nesi, nilikuwa likizo, nikajipeleka kumshikia dada vifaa. Sikwenda kwa upendo wa majengo. Nilikwenda kumwona yule mzee akianguka.

Kazi yao wanaifanya hivi. Kwenye kiwanja kitupu wanasimamisha milingoti mirefu, kila mmoja kimo sawa na paa la nyumba itakayojengwa, na juu wanafunga kitambaa chekundu. Halafu dada anazunguka kijiji kizima, kichochoro kwa kichochoro, anatazama wapi wekundu unachungulia juu ya mapaa ya zamani, na kila mahali anapiga picha. Unapomaliza unajua nyumba mpya zitaumiza nini hata kabla ya tofali la kwanza.

"Vitambaa vinaonekana kila mahali," nikamwambia. "Andika hivyo."

"Vinaonekana kisimani na penye ngazi. Akipunguza ghorofa moja na kurudi nyuma kidogo, havionekani kabisa."

"Dada, mmalize huyu. Unayo ile lenzi ndefu."

Lenzi hiyo naijua. Ukipigia picha, kitambaa cha mbali kinasogea mpaka kinakuwa kama kimekalia paa la jirani. Picha mbili tu za namna hiyo, na mradi wa Baba Mdogo ungekwenda na maji. Dada akaendelea kukunja futi yake.

"Nikimzulia, nitakuwa yule mkaguzi wake," akasema. "Halafu mtu ukimchafua, anaoga. Mimi nataka kumuumiza."

Kumbe wakati wote huo mwenye kisasi cha kweli alikuwa yeye, mimi nilikuwa na kelele tu.

Tukaingia katika nyumba yetu. Mpangaji ni mshonaji nguo, mtu mkarimu, akatusogezea viti katikati ya vitambaa. Chumba cha nyuma ndimo anamolala mwanawe. Kuta zimepigwa chokaa tabaka juu ya tabaka, ufa hauonekani, ila kwenye kona, chini ya dirisha, kulikuwa na rafu ya zamani ya baba iliyojengewa ukutani, haijawahi kung'olewa. Dada akalala kifudifudi akaingiza kichwa nyuma yake na tochi. Akakaa humo muda mrefu. Kisha akatoka, nywele zimejaa utando wa buibui, akanipa tochi.

Nyuma ya rafu ufa ulikuwa wazi, na juu yake kilikuwapo kipande cha kioo cha yule mkaguzi. Kioo cha namna hiyo ni ushahidi rahisi: unakibandika pande zote mbili za ufa, na ukuta ukisogea hata unywele, kinakatika. Mkaguzi alitakiwa kurudi baada ya mvua kukitazama. Hakurudi, na waliopaka chokaa hawakukifikia. Pembeni, kwenye chokaa, alikuwa amekwaruza kwa msumari mwaka ule tuliohamishwa.

Kioo kilikuwa kizima. Ukuta haukusogea kamwe.

"Ufa huu una umri kuliko babu," dada akasema, anajipangusa. "Nyumba ilipokuwa mpya ilikaa chini kidogo, ikapasuka, ikatulia. Mfereji hauhusiki hata chembe."

Nikatoa simu nimpigie mama. Dada akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Tukimwambia sisi atasema tunampoza. Watoto wake tutasema nini kingine? Amwambie aliyemwambia."

Tulipotoka, Baba Mdogo alikuwa mlangoni, amesikia tupo. Tukamwamkia. Akanyoosha fimbo kuelekea chumba cha nyuma.

"Umeuona, mwanangu? La kuvunda halina ubani. Nyumba mbovu hii. Nyinyi wenyewe mlitoka hapa kwa nini?"

"Kwa hiyo ni mbovu tangu wakati ule, baba?"

"Tangu wakati ule."

"Na kwenye kikao, mbele ya watu, utayasema hayo?"

"Hata mbele ya rais."

Dada akamshukuru kwa adabu zote. Mimi nikaangalia pembeni nisije nikacheka.

Kikao cha maoni kilifanyika katika ukumbi wa shule. Nilimleta mama, nikamkalisha safu ya mbele. Alikuja kwa shingo upande, akisema yeye hana uso wa kukaa mbele ya watu wa kijiji ikizungumziwa nyumba ile. Mkuu wa idara alikuwa mezani na kalamu yake. Dada akasoma ripoti kwa sauti yake ya kila siku: nyumba mpya zinaweza kujengwa, zipungue ghorofa moja, zirudi nyuma. Watu wakaguna, Baba Mdogo akatabasamu. Kisha dada akafika kwenye nyumba ya mawe.

"Mwombaji anasema ni mbovu. Baba, naomba uwaeleze mwenyewe, tangu lini?"

Baba Mdogo akasimama, akaeleza vizuri sana. Mjane alivyoachiwa nyumba, mfereji ulivyosahauliwa, mkaguzi alivyokuja. Watu wazima wakatikisa vichwa, na mmoja nyuma yangu akaanza, "Usipoziba ufa..." Mama akainamisha kichwa.

Hapo mshonaji akasimama.

"Mzee, samahani. Mwanangu amelala chini ya ukuta huo tangu azaliwe. Ulijua ni hatari, ukanipangisha?"

Mkuu wa idara akafunua ukurasa mpya. Dada akaeleza, kwa upole uleule, kwamba kupangisha nyumba unayoijua kuwa ni hatari ni kosa, na idara italazimika kulifuatilia kwa kila mwaka aliopokea kodi.

"Ila kama haikuwa mbovu, baba, kosa hilo halipo. Chagua tu lipi la kweli."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale, katikati ya viti vya wanafunzi. Alimtazama mkuu, akamtazama mshonaji, akamtazama dada kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Dada akabandika ubaoni picha ya kile kioo.

"Haikuwa mbovu," Baba Mdogo akasema. "Ulikuwa ufa wa kawaida."

"Na mfereji?"

"Mfereji upi?"

"Uliomwambia mama."

Alitoa leso mfukoni. "Mfereji haukuhusika."

Nilifurahi. Sitadanganya hapa nikasema nilimwonea huruma. Nilimtazama akipangusa shingo kwa leso nikatamani leso imwishie. Barabara ameikosa, atazungushia upande wa pili kwa gharama yake, nyumba inakaa ilipo. Lakini hayo yote yalikuwa nyongeza. Nilichokitaka nilikuwa nimeshakisikia, na nikageuka nimwone mama akikisikia.

Mama alikuwa amesimama. Sisi wote wawili tulidhani atalia.

"Shemeji," akasema. "Siku tuliyohama nilikuja kwako peke yangu. Nilipiga magoti kwenye sakafu yako nikakuomba radhi kwa kuiozesha nyumba ya kaka yako."

Hilo hatukulijua. Dada, anayejua kila kitu, alikuwa amefungua mdomo.

"Ukaniambia umenisamehe," mama akasema. "Ukaniambia nisirudie uzembe."

Baba Mdogo akakumbatia kichwa cha fimbo yake. "Shemeji, ya zamani hayo. Nisamehe."

"Nirudishie magoti yangu kwanza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayedai ungo wake kwa jirani. Hakuna aliyemtetea mzee, hakuna aliyempa mkono. Dada alifunika kalamu yake akangoja. Baba Mdogo aliegemeza fimbo kwenye kiti, akashika ukingo wa dawati, akaanza kuinama.

Mama hakusubiri. Alichukua mkoba wake, akanishika mkono, tukaelekea mlangoni. Nyuma yetu nilisikia dawati likikwaruza sakafu. Nilitaka kugeuka nione kama amefika chini, lakini mama alisema twende, gari litatuacha.