Rotterdam Mimi Si Ndugu, Quitunda Wananitafuta

Admin, jina langu lifiche, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, naishi upande wa Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Nina duka na mashua mbili za mashine zinazovusha mizigo mtoni pale Namoto kwenda Tanzania. Nilianza kwa kutembeza nazi za Quionga kichwani, hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi msije mkadhani mimi ni mtu wa kulialia.

Dada yangu alifariki akaniachia mtoto mdogo, nitamwita Amade. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Anayemlea, anayempeleka jando na anayesimama kumwozesha ni mjomba. Baba anaheshimiwa, lakini kwenye mambo ya ukoo ni mgeni. Shemeji yangu ugeni huo aliupenda sana. Alihamia Pemba, huu mji wetu wa Msumbiji, akaoa, na vita ilipotufikia nikawavusha mto wanangu pamoja na Amade, baba yake hata simu hakupiga. Ada za shule sizitaji. Nikianza kuzitaja nitaonekana nadai.

Amade akapata nafasi ya kusomea kazi za bandari Uholanzi, mji wa Rotterdam. Mwaka jana akaniambia, "Mjomba, nikimaliza kuna sherehe, lazima uje." Tangu hapo akawa ananitumia video. Daraja refu jeupe linalofunguka kupisha meli. Nyumba za njano zilizoinamishwa kama maboksi yaliyoanguka. Na bandari ambayo magari ya kubeba makontena yanakwenda yenyewe, hayana dereva na hayagongani. Hapo ndipo aliponimaliza. Kwangu Namoto magunia mia mbili ya mchele yanakula asubuhi nzima, na ugomvi juu. Nikasema nitasimama pale nihesabu kwa macho yangu wanashusha makontena mangapi kwa saa.

Nikapanga safari kama ninavyopanga mzigo. Pasaporte niliifuata Pemba. Amade nikamuuliza msikiti uko mtaa gani, treni ya chini inalipiwa vipi, bandari mtu wa nje anaingia mlango gani. Nikavuka hadi Mtwara, nikachambua mitumba mpaka nikapata koti zito la sufu, vifungo vyote vipo. Wachukuzi wangu wakaanza kuniita Mzungu wa Namoto.

"Mzungu, utuletee hilo gari lisilo na dereva, sisi tukalale."

"Nikilileta mtalala kweli," nikawajibu, "tena na njaa."

Basi siku moja Amade akapiga simu, sauti ndogo. "Mjomba, shule inaalika mzazi tu. Tio, yaani mjomba, kwao si familia ya karibu."

"Uliwaeleza?"

"Ndiyo utaratibu wao, Mjomba. Convite, ile barua ya mwaliko, imetoka kwa jina la baba."

Nikajiambia wale hawaujui ukoo wetu, mtoto hana kosa. Koti nikalitundika msumarini.

Haikupita wiki, shemeji akatokea dukani kwangu, amenyoa ndevu, ananukia. "Shemeji," akasema, "nasikia una koti zuri. Niazime. Wewe hapa utalivaa wapi, kuzuia mbu?"

Nikamwambia convite yenyewe kaipata kwa bahati, kwa sababu shule haiwatambui wajomba. Akacheka. "Shule gani? Mtoto mwenyewe ndiye aliyeandikisha jina langu, tangu mwaka jana. Aliniambia anataka kupiga picha na baba yake kama wenzake. Hajakwambia?"

Hakuniambia. Aliniacha nichague koti. Aliniacha niulize msikiti. Video alikuwa anazituma huku jina langu halipo popote. Nilimpigia, akasema, "Mjomba, niliogopa kukuumiza." Nikakata simu. Koti sikumpa baba yake.

Sasa sikieni. Amade ana mchumba Quitunda, kile kijiji cha waliohamishwa kupisha mambo ya gesi. Binti ni mwalimu, ana adabu. Juzi shemeji alikwenda kuposa, na kanzu yake mpya. Mjomba wa binti akamkaribisha, akampa chai, akamuuliza, "Mjomba wa kijana yuko wapi?" Shemeji akasema yeye ndiye baba. Akajibiwa, "Baba tumekuona, ahsante. Sisi tunazungumza na mjomba." Akarudishwa na kanzu yake.

Jioni hiyo Amade akapiga. Safari hii alinisalimia mpaka kuku wangu. "Mjomba, Ijumaa wanakusubiri. Ni neno lako tu linalotakiwa. Ukishalisema, mwakani nakutumia convite yako, uone bandari yote."

Mimi ni mfanyabiashara, bei ikitajwa naisikia. Kama angesema "Mjomba, nisamehe," ningeondoka usiku ule ule. Lakini amenipimia mji mzima wa Rotterdam, na daraja lake na magari yake yasiyo na dereva, kwenye mzani, ili nikakae mkekani nimtafutie mke.

Ningenyamaza tu, kama si yule binti. Jana kaniandikia: "Mjomba, wa kwetu wamesema usipokuja Ijumaa wananitoa kwa mtu mwingine. Kama kuna kosa, si langu." Huyo kweli hajanikosea. Nikienda, Amade atajua kwamba mjomba unamficha, unamdanganya, na bado anakuja ukimwita. Nisipoenda, nalipiza kwa mtu asiyehusika, na dada yangu aliniachia mtoto nimsimamie, si nimkomeshe.

Koti liko msumarini, naliangalia kila nikifungua duka. Ijumaa iko keshokutwa. Ninyi mnaosoma, hasa wenye wapwa mliowalea: niende nikaseme neno, au nikae dukani kwangu niuze?