Diski Niliyoifuta Kila Kona

Mke wangu alimfungia mlango mdogo wake wa tumbo moja, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Aliyelifanya alikuwa sebuleni, kakunja nne, anasoma gazeti.

Nilikuwa mimi.

Nina miaka sabini na mbili. Shule ya mchana haikuwa bahati yangu. Yote niliyonayo niliyapata kwenye madarasa ya jioni, nikitoka kazini na vumbi la saruji masikioni. Hesabu, Kiingereza, na mwisho, mvi zikiwa zimejaa kichwa kizima, kompyuta. Cheti kiko ukutani juu ya televisheni. Mgeni akikaa, hana pengine pa kutazama.

Nyumbani tuna laptop moja, kuukuu. Kwa kuwa nilifundishwa utaratibu, nilifungua akaunti mbili: yangu na ya mke wangu, kila mtu na nywila yake.

"Tunalala kitanda kimoja, halafu tufungiane kompyuta?" akacheka.

"Ndivyo ofisini wanavyofanya," nikamjibu.

Ikafika mahali mashine ikachoka. Unaiwasha, unaoga, unavaa, unarudi, bado inawaza. Dawa yake ni kubadilisha diski. Shemeji yangu, huyo mdogo wake mke wangu, ni fundi wa kompyuta, ana kibanda mtaa wa pili. Akaniambia, "Shemeji, niletee. Nusu saa tu."

Nimpelekee? Mimi, na cheti changu?

Asubuhi moja nikaigeuza laptop juu ya taulo, nikafungua skrubu kumi na moja, nikazipanga kwenye sahani zilivyotoka. Diski kuukuu nikaichomoa, mpya nikaichomeka, nikaweka mfumo upya. Kisha nikaiunganisha ile kuukuu kwa waya, nikahamisha barua zangu, picha zangu, masomo yangu. Vyote vikafunguka.

Nikaifomati ile kuukuu, niitumie kama ghala. Tena sikuchagua njia ya haraka, ile ya wavivu. Nilichagua ya kufuta kila kona. Saa tatu nzima nimekaa naitazama, najipongeza.

Jioni mke wangu akavaa miwani, akaketi.

"Baba watoto, mbona jina langu silioni hapa?"

Nikaitazama ile diski tupu mezani.

Nilikuwa nimehamisha vya kwangu tu. Vya kwake vilikuwa kwenye akaunti yake, nyuma ya mlango nilioujenga mwenyewe, nami nikasahau kwamba kuna mlango.

Ndani yake mlikuwa na ukoo wao. Miaka minne aliwazungukia mashangazi na wajomba akiuliza nani kamzaa nani, akachapa kwa kidole kimoja. Vizazi saba. Watatu kati ya waliomsimulia tumeshawazika.

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu: mke wangu, nimekosea. Yamezidi mawili? Hata hayo matatu yalinishinda.

"Diski ilikuwa imeshakufa," nikasema. "Nadhani mdogo wako aliigonga mwaka jana alipofungua kusafisha feni."

Akaichukua diski, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kibandani. Nikabaki nimekaa nasubiri kuumbuka.

Akarudi macho mekundu.

"Amekubali. Kaichomeka, kaitazama, kaichomoa. Halafu kasema, 'Dada, nisamehe, mkono wangu ulikuwa mzito.'"

Naona haya kuandika, lakini nilishusha pumzi. Nikaanza hata kujiambia, pengine kweli aliigonga.

Kesho yake shemeji akaja kuomba radhi. Ndipo alipofungiwa mlango.

"Umewazika wazee wetu mara ya pili!" mke wangu alimwambia kupitia dirishani.

Nikafunua ukurasa wa pili wa gazeti.

Miezi saba hawakusemezana. Kwenye harusi ya mpwa wao walikaa pembe mbili za ukumbi. Mke wangu akaanza upya, safari hii kwenye daftari. Siku moja nikamkuta anautazama mstari mmoja, jina la mama wa babu yao limempotea. Mdogo wake angemkumbusha kwa simu moja tu. Hakuipiga. Akachora alama ya kuuliza, akalala kifudifudi juu ya daftari.

Nikavaa viatu, nikaenda kibandani.

"Shikamoo, shemeji! Laptop imegoma tena?"

"Marahaba. Niliyegoma ni mimi."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakushtuka. Aliendelea kupiga brashi kwenye kibodi ya mtu.

"Shemeji, nililijua siku ileile. Diski iliyogongwa hulia, au haionekani kabisa. Yako ilikuwa nzima, tupu, na imefomatiwa mchana huohuo. Halafu umeipa jina: GHALA LA MZEE."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Dada anajivunia wewe kila anapopita. 'Mume wangu kasoma uzeeni, mume wangu hivi.' Nikasema, mimi ni ndugu, hasira yake kwangu itapoa. Kwako wewe mumewe ingelala humo humo ndani." Akaweka brashi chini. "Tena nilijua utasema mwenyewe. Nilikupa wiki moja."

Wiki moja.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu kabla sijavua viatu. Nilitarajia kelele. Afadhali zingekuwa kelele.

"Majina nitayatafuta tena," alisema taratibu. "Yakikosekana, yamekosekana. Miezi saba ya mdogo wangu utanirudishia kutoka wapi?"

Akachukua simu. Nikasikia, "Mdogo wangu..." akaenda nayo chumbani.

Siku hizi kila Jumapili shemeji anakuja. Mmoja anataja, mwingine anachapa, wanabishana, wanacheka. Vizazi vitano vimepatikana. Viwili, sidhani. Wakicheka mimi hutoka uani, maana sijui kama nina haki ya kucheka nao.

Ndugu yangu unayesoma, ukikosea, kiri siku hiyohiyo, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Ukichelewa, kuna mtu anayekupenda atalibeba kwa niaba yako, na utamkuta amekonda nalo.