Nilivyofukuza mabati thelathini na redio yangu, Kisii miaka ya tisini

Wakuu wote, hamjambo hapa ndani.

Mimi si mtu wa kushtuka. Niliacha shule darasa la sita, nimeuza miwa Keroka, nimelala juu ya magunia ya kabichi kwa lori, na leo nina nyumba ya orofa tatu imejaa wapangaji. Mtu kama mimi utamshtua na nini?

Lakini kuna mama muuza ndizi alinishtua.

Naandika kwa sababu nimeona vijana hapa wakibishana kama stesheni inayokufa ibadilishe format ama ifungwe tu. Nikacheka. Hiyo shida niliipata wengine wenu hamjazaliwa. Hii ni kweli tupu, asiyeamini aje nimwonyeshe paa lenyewe.

Redio yangu haikuwa ya mawimbi. Ilikuwa amplifier, deki ya kaseti, maikrofoni moja na spika nne za tarumbeta juu ya paa kando ya soko la Kisii. Nilifunga waya zote mwenyewe, hakuna fundi aligusa. Watu waliiita Redio Paa. Wenye maduka walinilipa kila mwezi nitangaze bidhaa zao katikati ya rhumba.

Mwanzo walikuwa tisa. Wakabaki watatu.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Ramji wa hardware, spika moja ilikuwa imeelekezwa mlangoni kwake. Mhindi wa kuzaliwa hapa hapa Kisii, Ekegusii anaongea kunishinda.

Wakati huo FM zilikuwa zimeanza Nairobi, na kila aliyetoka huko alizisifu. Nikaamua, nabadilisha format. Mapenzi tupu! Nyimbo za mapenzi, salamu za mapenzi. Watu wanaandika kwa karatasi, wanatia kwa kopo, mimi nasoma na sauti nzito ya kukoroma kidogo.

Na sauti nilikuwa nayo wakuu, tusidanganyane. Wasichana walipita mara mbili mbili wamuone mwenyewe.

Kopo likajaa. Lakini maduka yakazidi kuwa tupu. Nikasema volume iko chini. Nikaongeza.

Siku moja ya soko akaja mzee mmoja wa Ikonge, huko milimani. Alikuwa amepata bonus ya majani chai, akaja na mke wa kijana wake kununua mabati thelathini ya nyumba ya huyo kijana, ambaye alikuwa kazini Mombasa. Wako mlangoni kwa Ramji, mabati yanahesabiwa. Mimi huko juu nikatoa karatasi kwa kopo nikasoma:

"Kwa mpenzi wangu wa stage, bado nakumbuka ulivyonikumbatia mpaka vifungo vya blauzi vikakatika..."

Nikaona kwa dirisha yule mke wa kijana anaacha kikapu chini, anajifunika leso kichwani, anavuka barabara mbio. Mzee akavuta kofia mpaka machoni, akaenda upande ule mwingine. Mabati yakabaki yamelala hapo.

Ramji alipanda ngazi mwenyewe, anahema.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimesoma salamu, mzee."

"Umefukuza mabati thelathini! Mimi Mhindi najua ensoni, wewe Mgusii hujui?"

Kwa wasio wa kwetu: ensoni ni ile aibu ya heshima kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya baba na mtoto. Maneno ya chumbani hawayasikii wakiwa wamesimama pamoja. Nilijua, nitakosaje kujua? Nilifikiri tu ensoni inabaki kijijini, haipandi gari kuja mjini.

Ramji akasema, "Huyo mzee akirudi kwangu kabla mwezi uishe, nitaendelea kukulipa. Asiporudi, toa hilo domo lako mlangoni kwangu."

Bila Ramji sina kodi ya chumba. Redio imekufa.

Nikashuka na kichwa moto. Chini hapo alikaa Mama Moraa, muuza ndizi. Akaniona akacheka.

"Leo redio imelala njaa?"

"Mama, kwani hawa watu wanataka nini?"

"Umewahi kuwauliza? Unaongea mpaka jioni, hujawahi kunyamaza usikie. Miezi mitatu nakaa chini yako. Mama akija na kijana wake, hawasimami. Baba akija na msichana wake, hawasimami. Wanaosimama ni hawa wa mikono mfukoni, na hawanunui hata ndizi moja."

Wakuu, huyo mama alikuwa amehesabu wasikilizaji wangu akiwa ameketi juu ya gunia. Siku hizi kuna watu wamesoma wanalipwa mishahara mikubwa kwa hiyo kazi.

"Sasa nifanye nini?"

"Nipe hiyo kitu ya kuongelea."

Nilicheka. Lakini nikampandisha juu, nikampa maikrofoni.

Hakutetemeka. Hakubadilisha sauti. Aliongea Ekegusii kama mtu anaongea na jirani juu ya ua. Kwamba ndama mwekundu amepatikana Nyakoe, mwenyewe aje na shahidi. Kwamba kesho majani yanapimwa mapema Ikonge. Kisha kwaya. Niliona watu wamesimama, vikapu kichwani, baba na binti pamoja, wanasikiliza!

Akamaliza hivi: "Na watu wa milimani mjue hii redio imeosha mdomo. Mzee anaweza kusimama hapa na watu wake wote."

Hakumtaja mtu. Angemtaja angeharibu zaidi. Mimi ningemtaja.

Wiki mbili hivi, maduka matatu yakawa saba. Ijumaa jua likianza kushuka tunazima, Wasabato wakatupenda sana.

Lakini yule mzee hakuja, na mwezi unaisha. Nikamuuliza Mama Moraa.

"Ulimvua nguo mbele ya mke wa mtoto wake, unafikiri atavaa kwa kusikia kwaya? Twende kwake. Na usiende mikono mitupu."

Tukaenda Ikonge. Mzee aliniangalia juu mpaka chini.

"Ni wewe mwenye ile sauti? Nilidhani ni mtu mkubwa."

Nikaomba msamaha, mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Akamgeukia Mama Moraa.

"Sasa ni nani atakuwa anasoma?"

"Ni mimi, Tata," akajibu, kama anaongea na babake.

Mzee akatema mate kando, akauliza, "Yale mabati bado yako?"

Jumatatu alikuja, yeye na mke wa kijana wake, wakasimama chini ya spika mpaka bati la mwisho likapakiwa. Ramji alibeba la kwanza mwenyewe.

Mama Moraa aliongoza Redio Paa miaka mingi baada ya hapo. Mimi nilitembea mjini nikiitwa boss, lakini akili ilikuwa yake. Shule yake sijui aliishia wapi, sikuwahi kuuliza.

Somo langu ni hili: kabla ubadilishe format, jua kwanza msikilizaji wako amesimama na nani.

Wenye stesheni, wenye maduka, wakwe na wakamwana, semeni yenu hapa chini. Hata matusi nitasoma.

Na kwa wale watauliza kumrudisha mzee kulinigharimu ngapi: mbuzi, blanketi, sukari na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, shilingi elfu mbili mia mbili na kumi.