Siku Tuliyomfuata Mlembe Kiang'ombe

Koti la baba yangu lilinuka moshi wa magome makavu mwaka mzima. Alikuwa mrina asali, na hata mama alipolifua kwa sabuni ya kipande na kulianika kwenye jua kali la Siakago kutwa nzima, harufu ile haikutoka. Nyumbani sikuiona kuwa harufu mbaya. Ni shuleni nilikojifunza kuionea haya, maana wenzangu wengi walikuwa watoto wa makarani, walimu na wenye maduka, na hakuna aliyekuwa na baba wa kupanda miti akiwa amevaa akala za tairi.

Nilipokuwa darasa la sita, shule yetu ilikwenda katika mbuga moja maarufu ya wanyama. Tuliondoka alfajiri tukiimba, tukafika na kukuta magari yamepangana barabarani kama mchwa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini nadhani hawakuwahi kungoja zamu ya kumwona simba. Ilipofika zamu yetu, simba alikuwa amechoka kutazamwa na kuingia kichakani. Nilichoona ni sikio, tena nikiwa nimesimama juu ya kiti. Ndiyo maana mwaka uliofuata Mwalimu Igoki, aliyetufundisha sayansi, alitangaza kwamba hatungerudi kule. Tungepanda Kiang'ombe. Darasa zima liliguna. Kiang'ombe ni ule mlima tuliouona kila siku tukipanga mstari asubuhi. Jirani yangu wa dawati, Mugendi, alinong'ona, "Sasa tunaenda kuona nini huko? Mawe?" Nikacheka pamoja naye. Kicheko kiliniishia mwalimu aliposema kwamba amepata mtu wa kutuongoza, mrina asali aujuaye mlima huo kuliko yeyote.

Asubuhi ya safari baba alitungoja penye miamba ya chini, koti lake mwilini na panga kwapani. Mugendi aliponiuliza kama ninamjua, nilijibu kwamba ni jirani yetu. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini baba alikuwa hatua mbili tu mbele yetu. Hakugeuka. Alirekebisha panga lake, akatusalimu wote kwa pamoja, "Hamjambo watoto," na kuanza kupanda. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilipanda mlima ule nikiwa na mzigo ambao hakuna aliyeuona.

Tulipoingia penye miti mikubwa, ubaridi ulitupokea, na ardhi ikawa laini kwa majani yaliyooza. Watoto arobaini hawajui kunyamaza, na pimbi walikuwa wamekwisha kukimbilia mapangoni kwa kelele zetu. Baba akatuketisha. "Hapa hatuna foleni," alisema. "Hakuna anayetusukuma nyuma. Mkinyamaza, wenyewe watakuja." Kisha akapiga mluzi mrefu ambao nilikuwa nimeusikia tangu utotoni bila kuuliza maana yake. Tukangoja. Subira huvuta heri, na safari hii heri ilikuja na mabawa. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi alitua kwenye tawi na kuanza kulia kwa haraka, kama mtu anayetikisa kiberiti. Baba alituambia kwamba yule ni mlembe, naye anatuita twende penye nyuki.

Tulimfuata. Akiruka mti mmoja, nasi tunasogea mti mmoja. Baba akipiga mluzi, naye anaitika. Hata Mugendi, ambaye hajawahi kufunga mdomo wakati wa ibada, alitembea kwa ncha za vidole. Mwishowe ndege alinyamaza juu ya mti mzee wenye tundu, na tukawasikia nyuki wakivuma ndani yake. Baba alituweka mbali, akawasha kifurushi cha magome na kupanda peke yake akizungukwa na moshi. Aliposhuka alitugawia kila mmoja kipande cha sega kisichozidi kidole, na kipande kimoja kikubwa akakiweka juu ya jiwe. "Huyu ndiye aliyetuleta," alimwambia Mwalimu Igoki akimwonyesha ndege. "Ukimnyima, kesho hakuiti." Mwalimu aliandika maneno hayo katika daftari lake. Nilimwona akiandika, mwalimu wa sayansi, akifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani.

Mugendi alikuwa akilamba vidole. "Huyo jirani yenu amejulia wapi haya yote?"

"Si jirani," nikasema, na safari hii sikunong'ona. "Ni baba yangu."

Darasa zima lilinigeukia. Baba alikuwa akizima moto kwa mchanga. Alimaliza kwanza, ndipo akasema, "Huyu ni kitinda mimba wangu," na kunipa panga lake nilibebe mpaka chini. Sijawahi kubeba kitu kwa madaha kama nilivyobeba panga lile.

Leo ninaishi Embu mjini. Baba magoti hayamruhusu tena kupanda, mashamba ya muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa, yamepanda mpaka kiunoni mwa mlima, na mluzi wangu huitikiwa na mlembe mara moja kati ya kumi. Wenzangu wa kazini bado huamka alfajiri kwenda kupanga foleni mbugani, na hurudi na picha za magari ya watu wengine. Mimi huwapeleka wanangu wawili Kiang'ombe. Agosti iliyopita tulitembea tangu asubuhi bila kukutana na mtu, ila mama mmoja aliyebeba kuni. Alisimama akatuuliza, "Mmepotea?" Nikamwambia, "Hapana mama, tumekuja kutembea tu." Akatua mzigo wake, akaenda nasi hatua kadhaa ili atuonyeshe njia fupi ya kileleni. Nilimshukuru, na sikumwambia kwamba ninaijua.