Mama Mkwe Barabarani

Jamani, leo heshima imeniangusha!

Wiki ya pili tu tangu nikabidhiwe pikipiki ya kazi yangu ya ubwana shamba hapa katika kijiji chetu cha ujamaa. Kwenye kona, huyo mama mkwe anakuja, kuku kwapani.

Mila mnazijua. Ukikutana na mama mkwe, unatoka njiani umpishe.

Nikatoka! Breki nilizisahau kabisa. Pikipiki huku, mimi kule, katikati ya tumbaku.

Kuinua kichwa, naye yumo humo humo. Kumbe alikuwa ananipisha!

Hatusemeshani ana kwa ana, basi akamwinamia kuku wake:

"We kuku, mwambie Baba Kulwa, afunge breki kwanza. Heshima itafuata."

Nikamjibu kuku: "Mwambie nimesikia."

Jioni hii mke wangu kaniandalia kuku yule yule.

Hebu niambieni, mtu anamlaje mwalimu wake?